Binamu aliyelelewa Ulaya akija Ndhiwa, usimchujie maneno

Kama kwenu ni Migori au Homa Bay na wewe unaishi Nairobi, hesabu hii inakuhusu. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku raia wa kigeni kuasili watoto wa Kenya. Waliochukuliwa kabla ya hapo wengi sasa ni vijana wa rika lako. Wana pasipoti za Ulaya na Marekani, na baadhi yao wanatafuta kwao. Siku mmoja akipata namba ya baba mdogo, nani ataitwa kutafsiri? Ni wewe, jo. Wazee wana Dholuo, mgeni ana Kiingereza, na wewe ndiye msomi wa town.

Mimi niliitwa Ndhiwa. Binamu yangu alikuwa amelipia hoteli Homa Bay mjini ili asisumbue watu. Kwake hiyo ni adabu. Kwa shangazi zetu ilikuwa tusi: mtoto wa boma analalaje kwa kulipia? Halafu kabla hata ya chai akapelekwa kwenye kaburi la babake, hatua chache tu kutoka mlangoni. Alikokulia, makaburi yako mbali na jikoni. Akanyamaza kabisa, na wazee wakadhani ana maringo.

Hayo yanaelezeka. Kula ugali na ngege kwa mkono atajifunza siku moja. Kuombwa karo ya watoto wanne ndani ya saa ya kwanza, mwonye mapema, na waombaji nao waambie wasubiri.

Kazi yenyewe ilianza aliposema: "Waulize, kwa nini mimi?" Nyumba nzima ikanitazama. Baba mdogo akajibu kwamba baba aliuawa na chira, mama naye akaugua, watoto wakagawanywa. Ningeweza kutafsiri "waliugua" na tuendelee na chai. Wengi hufanya hivyo, eti ni heshima. Mimi naona ni kumnyima mtu kitu alichosafiri kukifuata. Nikampa neno lenyewe, chira: balaa linalompata aliyevunja mwiko. Nikamwambia pia kwamba miaka ya 1990 huku neno hilo mara nyingi lilifunika UKIMWI. Akataka niulize kama ndivyo ilivyokuwa. Nikauliza hivyo hivyo. Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ndiyo.

Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na HIV nchini, kwa hivyo kimya cha aina hiyo kiko katika maboma mengi, si letu tu.

Angalia Korea Kusini uone uongo unavyozeeka. Tangu vita vya 1950 hadi 1953 nchi hiyo ilipeleka nje watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000. Machi 2025 tume yake ya ukweli ilieleza kwamba baadhi waliandikishwa kuwa yatima ilhali wazazi walijulikana. Oktoba mwaka huo Rais Lee Jae-myung akaomba radhi. Mtu mzima anarudi Seoul na faili mkononi, na faili yenyewe inamdanganya.

Sisi angalau tuna majina. Kesho yake tulienda Awendo kwa wazazi wa mamake, na nyanya akamwambia alizaliwa usiku bila kugusa karatasi yoyote. Si unaitwa Atieno? Huko Ulaya lilikuwa jina la katikati tu, halina kazi. Akoth, mvua ilikuwa inanyesha. Na kama karatasi zako zinasema Adongo au Odongo, keti kwanza: huenda wewe ni pacha wa pili, na kuna Apiyo au Opiyo aliyekutangulia. (Labda ulirithi jina la jamaa, ndiyo maana lazima uulize.)

Basi simu hiyo ikija, usiende mikono mitupu. Beba daftari, na uombe ruhusa ya kurekodi. Mzee akikunong'oneza "hilo usimwambie", mwambie kwa upole, kabla mazungumzo hayajaanza, kwamba ukiketi hapo katikati utatafsiri kila kitu, pamoja na hiyo "usimwambie".