Suluhu Isiwe Bei ya Woga

Suluhu ni jambo jema, lakini si kila suluhu ni haki. Wako watu wanaojua vyema kwamba madai yao ni dhaifu, na bado huyashikilia. Hawakusudii kushinda mahakamani, bali kumchosha mwenzao mpaka aseme, "Basi, yaishe."

Mkoani Kagera, kuanzia Kashozi hadi Muleba, mfano ulio wazi ni butura, yaani kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya shida. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi. Tuseme mkulima amepokea shilingi 200,000 ili auguze mgonjwa, akaahidi kahawa ambayo wakati wa mavuno ina thamani ya shilingi 500,000. Akisita kuitoa, hutishiwa kesi. Naye akipiga hesabu ya nauli ya Bukoba mjini, siku za kazi zitakazopotea na ujira wa wakili, huona heri wakutane katikati, alipe 350,000.

Hapo ndipo udhaifu wa madai unapogeuka nguvu. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 23, inasema mapatano yenye lengo lisilo halali ni batili. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyenufaika na mapatano yaliyogundulika kuwa batili arudishe alichopokea. Hata penye mkataba halali, kifungu cha 74 kinairuhusu mahakama kutoa fidia ya kadiri tu, si lazima adhabu yote iliyoandikwa. Basi 200,000 za kwanza ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hizo 150,000 zilizoongezwa ni bei ya woga.

Walimu na watumishi wa umma ndio wanaoitwa vijijini kusoma hati na kushuhudia sahihi. Hawana budi kuuliza kwanza ni kipi kilichopokelewa, na ni kipi sheria inachoweza kudai, kabla ya kuwahimiza wagombanao wapatane. Aidha, wawaeleze wananchi kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo.

Msuluhishi anayegawa katikati bila kupima uzito wa madai hajasuluhisha. Amemsaidia mwenye vitisho kuvuna asichopanda.