Kagua gari kabla ya kumfukuza dereva

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi kwenye chumba changu cha ufundi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akiwa amekumbatia kompyuta ya mezani kifuani, jasho linamtiririka. Aliitua juu ya meza, akavuta pumzi, akasema, "Shikamoo fundi. Draiva nimeshasafisha mara tatu, bado kioo kinakuwa cheusi."

Marahaba yangu hakuisubiri. Alikuwa amenunua kadi ya grafiki iliyotumika, GTX 1050 Ti, kwa shilingi laki moja na nusu, ili acheze mpira na wenzake kwenye kompyuta ambayo hapo awali ilitegemea grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Kwenye video aliyoiangalia aliambiwa kwamba ukibadilisha kadi bila kufagia draiva za zamani umejitafutia balaa. Basi akafagia. Akaingia kwenye hali salama ya Windows, akaendesha programu ya kufutia mabaki, akapakua draiva mpya, akasakinisha. Kioo cheusi. Akafagia tena. Safari ya tatu akahisi faili alilopakua ndilo bovu, akalipakua upya.

Nikamwuliza waya wa kioo anauchomeka wapi. Akaigeuza kompyuta, akanionyesha tundu la VGA mgongoni mwa kadi, lile la bluu lenye vitobo kumi na vitano. Hapo hapo nikajua hatuzungumzii draiva. Chipu ya 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, haitoi mawimbi ya VGA kabisa. Kizazi chake kizima kiliachana nayo. Nikaiwasha, nikafungua programu ndogo ya GPU-Z, na mbele ya jina la kadi likasimama neno la Kiingereza la kumaanisha bandia. Ndani ya ganda lile mlikuwa na GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Mtu ameiandika upya kumbukumbu yake ili ijitambulishe kwa jina la mdogo wake. Yenye jina halali ina viini 768 na kumbukumbu ya GB 4. Hii ina viini 192 na GB 1. Draiva mpya ilikuwa inaamini jina, inakwenda kutafuta viini visivyokuwepo, inaanguka. Ungeifagia mpaka Krismasi.

Sisemi haya kumcheka. Wiki haipiti bila mtu kuniletea mashine iliyofagiwa bila kukaguliwa, na mafundi wenzangu ndio wanaoongoza. Mteja akibadilisha kadi, fundi anapiga Windows upya, elfu ishirini mfukoni, kazi imekwisha. Mimi nadhani tumegeuza usafi wa draiva kuwa zinguo. Mara nyingi hauhitajiki, na hapa kwetu una gharama ambayo mtengeneza video wa Ulaya haioni.

Neno la Kiingereza "driver" tumelikopa mara mbili. Mara ya kwanza tukapata dereva, mshika usukani. Kompyuta zilipoingia tukalikopa tena, tukapata draiva, programu inayoiambia kadi ifanye nini. Naona tungebaki na lile la kwanza, maana kila nikimweleza mteja najikuta kwenye daladala. Umeitoa kadi ya zamani: gari limeuzwa. Dereva wake yuko kijiweni anakunywa kahawa na kashata. Gari jipya hawezi kuliendesha kwa sababu ufunguo hana. Kila kadi hubeba namba ya kampuni yake: NVIDIA ni 10DE, AMD ni 1002, na Intel ni 8086, ambayo ni namba ya chipu yao maarufu ya mwaka 1978, utani wa mainjinia huo. Windows ikiwaka inaisoma namba, inaingia kwenye ghala lake la draiva, inamwita anayelingana nayo. Asiyeitwa anabaki ghalani anakula nafasi ya diski tu. Asipopatikana hata mmoja, Windows inaweka deiwaka, yaani draiva ya msingi ya Microsoft. Picha utaiona, lakini usimtume Mbagala na abiria wamejaa.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani, nami nimeishi nayo. Nilianza ufundi mwaka 2004 kwenye intaneti kafe moja ya Ilala, mashine kumi na mbili za Windows XP, na wakati ule ukichanganya draiva za kampuni mbili ulikuwa unacheza na skrini ya bluu. Vista ilipokuja mwaka 2007 mambo yakawa mabaya zaidi. Barua za ndani za Microsoft zilizotolewa baadaye mahakamani Marekani zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya kuanguka kwa Vista kulikorekodiwa mwaka huo kulitokana na draiva za NVIDIA. Isitoshe, Vista ilikuwa haikubali madereva wawili wa aina mpya kwa pamoja. Ukiweka kadi za kampuni mbili, mmoja analala. Ni Windows 7, Oktoba 2009, iliyowaruhusu kukaa nyumba moja. Leo laptopu nyingi zinatoka kiwandani na grafiki ya Intel na ya NVIDIA humo humo, draiva zote mbili zinafanya kazi, na hakuna anayeshangaa. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita. Sisi bado tunachoma udi.

Tuje kwenye gharama. Kifurushi cha draiva ya NVIDIA siku hizi kinazidi MB 600. Kijana wangu kapakua mara mbili. Piga hesabu, zaidi ya GB 1 ya bando, kwa ajili ya kadi bandia. Anayekushauri ufute kila kitu uanze upya ana intaneti inayolipiwa kwa mwezi na umeme ambao hajawahi kuufikiria. Mimi nimeshakatikiwa umeme katikati ya kufuta. Mashine ikarudi haina draiva ya zamani wala mpya, na majenereta ya mtaa yakinguruma mteja ananitazama usoni.

Halafu kuna kosa langu mwenyewe, ambalo napaswa kulisimulia.

Mwaka juzi binti mmoja wa chuo aliniletea laptopu inayomemeteka kioo. Sikuifungua. Nilifanya mazoea: nikaiamuru iwake katika hali salama nifagie draiva. Ilipowaka ikaniletea ukurasa wa bluu wa BitLocker, inataka ufunguo wa tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa siri tangu siku laptopu ilipoandaliwa, mwenyewe hana habari, na kubadilisha namna ya kuwaka kuliitia shaka. "Fundi, humo mna ripoti yangu ya utafiti," akaniambia, taratibu, bila kelele. Afadhali angenifokea.

Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya aliyeiandaa kompyuta kwa mara ya kwanza. Aliyeiandaa ni kaka yake, na kaka yake yuko Muscat, kazini, simu imezimwa hadi jioni. Nilikaa na binti yule hadi baada ya Isha. Kaka alipopiga, akaanza kutusomea kwa WhatsApp, makundi manane ya tarakimu sita sita, mtandao unakatikakatika, binti anarudia kwa sauti, mimi nabonyeza. Kundi la tano tulilikosea mara mbili. "Saba au sita?" "Saba, mdogo wangu, saba ya Jumamosi!" Hadi leo sijaelewa saba ya Jumamosi ni ipi, lakini mashine ikafunguka. Kesho yake niliifungua laptopu nikaukuta waya bapa wa kioo umechubuka kwenye bawaba. Draiva ilikuwa nzima siku zote. Sikumtoza hata senti.

Nisije nikaonekana nasema usifagie kamwe. Mpiga video mmoja wa harusi, mteja wangu wa miaka, alihama kutoka kadi ya kampuni moja kwenda kwa mshindani wake. Nikaweka draiva mpya juu ya ya zamani, kwa kujiamini kwangu huku. Michezo ikacheza. Programu yake ya kuhariri ikawa inafunguka sekunde tatu inajifunga, na ana harusi mbili za kukabidhi Ijumaa. Nilibishana naye kwa simu siku nzima kwamba shida ni programu. Haikuwa programu. Windows huweka orodha ya wanaoweza kupiga hesabu nzito kupitia mfumo wa OpenCL, na jina la kampuni ya zamani lilikuwa limebaki humo. Programu ya kuhariri ilisoma orodha, ikamwita, ikaanguka naye. Kwa lugha yetu ya stendi: dereva kaondoka kistaarabu, konda wake kabaki anaita abiria wa gari ambalo halipo. Nilikwenda Temeke usiku ule, nikafagia kila kitu cha ile kampuni kwa programu inayoitwa DDU, dakika kumi. Kosa hilo ni langu, na alinikumbusha bei ya bodaboda.

Kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza umetoka wapi unakwenda wapi. Ukihama ndani ya kampuni ile ile, kadi kubwa kwa ndogo au mpya kwa ya zamani, naweka draiva mpya juu, basi. Kisakinishi cha NVIDIA chenyewe kina kisanduku cha kuchagua usakinishaji safi, na AMD wana chombo chao cha kusafishia. Ukihama kampuni, naitoa draiva ya zamani kwa njia ya kawaida ya Windows, na programu zake za pembeni, wakati kadi ya zamani ingali ndani. DDU naiweka mwisho, kwa dalili. Hata mwenye DDU ameandika hivyo hivyo, kwamba aliitengeneza kwa pale njia ya kawaida inaposhindwa au unapotaka kweli kufuta hadi mzizi, na anashauri intaneti iwe imekatwa, la sivyo Windows inakuwekea draiva yake mwenyewe mgongo wako ukigeuka. Mimi naongeza mawili: pakua draiva mpya na uiweke kwenye flashi kabla hujagusa chochote, na uhakikishe kama diski imefungwa.

Na wenye kadi za zamani wawe waangalifu zaidi. NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya za michezo kwa kadi nyingi za familia ya 600 na 700 mwaka 2021. Anayefuta draiva ya kadi kama hiyo halafu akachukua tu ile mpya kabisa ataambiwa haina kifaa inachokitambua, ataanza kuhangaika kutafuta toleo la nyuma, na huko kwenye kutafuta ndiko watu wanakookota virusi.

Mengine ni ya macho na vidole. Pawa saplai ya zile kompyuta za ofisini zilizotumika, tunazoziuza kwa wingi hapa, mara nyingi haina hata waya wa ziada wa kulisha kadi. Feni imejaa vumbi la barabara. Na ugonjwa ninaoupenda, maana unaisha kwa sekunde moja: kadi mpya ipo ndani, waya wa kioo bado umechomekwa kwenye mazabodi. Nimeshapokea mashine iliyopigwa Windows upya mara mbili kwa ugonjwa huo.

Kijana wa Jumamosi alinisikiliza yote haya, au alijifanya. Nilichomoa ile kadi, nikarudisha waya kwenye tundu la mazabodi, grafiki ya Intel ikawaka kama haikuwahi kutukanwa. Akaitazama kadi kiganjani, akanitazama mimi.

"Fundi, sasa hii draiva ya kadi feki si lazima niisafishe kwanza?"

Nikamwambia ashuke na kadi yake na risiti, muuzaji anafunga saa kumi na moja.