Kliniki ya presha iulize na kichwa

Dawa zangu za presha zilipotea wiki mbili ndani ya droo ya misumari. Nilikuwa nimezishika mkononi, maji yako kwenye kikombe, mteja akaingia akitaka nusu kilo ya misumari ya inchi tatu. Nikaziweka kando ili nishike mizani. Aliyezipata ni kijana wangu wa dukani, siku fundi alipotaka misumari ya mabati.

Duka liko Kimbo, Ruiru. Nyumbani ni Makongeni, Thika. Siku ya kliniki mashine ikasoma 172 kwa 104. Muuguzi akaniangalia kama mtoto aliyemwaga maziwa: "Mama, ukikataa dawa sisi tufanye nini?" Sikuwa nimekataa. Ila kusema dawa imemezwa na droo ni aibu, nikajibu nitajitahidi. Nimekuwa nikijitahidi tangu darasa la tatu, nilipobandikwa jina Kiherehere.

Kilichoniokoa ni kidonda. Nilijichoma kwa sufuria ya githeri niliyoisahau jikoni, na daktari aliyenifunga bendeji Thika akaanza kuhesabu makovu. Hili? Pasi. Hili? Mafuta ya mandazi. La mguuni? Bomba la moshi la bodaboda, mara mbili, nimeshuka upande mbaya. Hakucheka. Aliuliza kama huwa namaliza ninachoanza, kisha akanielekeza kwa daktari wa akili. Nilikuwa na miaka 43 nilipoambiwa nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na kumfanya mtu ashindwe kutulia au kujizuia.

Wengi wakisikia hivyo huwaza watoto watundu darasani. Mimi nasema ni habari ya presha, sukari, uzito na ajali. Utafiti wa Denmark wa 2015, uliohusu karibu watu milioni 2, ulionyesha kuwa wenye hali hii walikuwa na hatari ya kufa mapema takriban maradufu, na ajali ndizo zilizoua zaidi. Wa Uingereza wa 2025 ulikadiria kuwa waliogunduliwa nayo huishi miaka pungufu kuliko wenzao: karibu 7 kwa wanaume, karibu 9 kwa wanawake.

Siku yangu ya zamani inaeleza hayo vizuri kuliko jedwali. Nikishika hesabu ya stoki, nasahau kula tangu chai ya alfajiri. Saa tatu usiku nashuka matatu Thika, nanunua chipsi na soseji, nakula nikitembea. Usingizi hauji hadi saa nane. Na barabarani Kimbo, daraja la miguu naliona kabisa, lakini miguu inataka kuvuka sasa hivi.

Shemeji yangu anasema huu ni udhuru wa kisasa. Huenda wapo wanaojificha humo. Lakini tangu nijue, vidonge nimevifunga kwa mpira kwenye kiberiti cha gesi, maana chai siisahau, na kipimo cha mwisho kilikuwa 136 kwa 84. Mahubiri ya kliniki ya miaka minne hayakuwa yamefanya hivyo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Dawa za ADHD, kama methylphenidate, zinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo kidogo, ndiyo maana daktari wa akili alitaka presha ishuke kwanza. Basi nina kadi mbili katika majengo mawili, na anayebeba habari baina yao ni mimi, yule yule wa droo ya misumari.

Kliniki huniuliza chumvi, sigara, pombe. Iniulize pia: hupotelewa na vitu? Huacha kazi katikati? Ni tangu utotoni? Maswali hayo hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, lakini yanatosha kumjulisha muuguzi kwamba aliye mbele yake hakukataa dawa. Chini ya mstari wa pombe, kadi yangu ina nafasi tupu ya upana wa kidole.