Taa Ikiadimika, Tazama Betri
Mtu ambaye taa yake ya kichwani haitengenezwi tena hujichosha bure anapozunguka maduka ya Lilongwe akisaka jina lilelile kwenye boksi. Cha kusaka ni betri. Malawi tunaujua uzito wa mwanga wa akiba: Januari 2022 dhoruba Ana ilipoharibu bwawa la Kapichira, kituo chake cha umeme cha megawati 129 kilizimika na mgawo wa umeme ukatukaba. Kwa mkazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994, safari ya kilomita 40 na ushei hadi Lilongwe si ya kubahatisha; tangu serikali iwabane wakimbizi warudi kambini mwaka 2023, nauli peke yake haitoshi, kibali nacho kinatakiwa. Basi achague taa inayotumia betri ya lithiamu ya 18650: upana milimita 18, urefu 65, volti 3.7. Viwanda vingi huitengeneza, na mafundi huichomoa hata kwenye betri za kompyuta mpakato kuukuu. Ikichoka, hubadilishwa, na taa ikaendelea na kazi. Taa yenye betri iliyozibwa ndani hufa na betri yake. Ajihadhari pia na maandishi ya kwenye betri: betri nzuri ya ukubwa huo hubeba takriban miliampea-saa 2,000 hadi 3,600, kwa hiyo iliyoandikwa 9,900 inakudanganya mchana kweupe. Muuzaji akikusifia ukali wa mwanga, muulize betri ya akiba inapatikana wapi. Akisita, rudisha kwacha zako mfukoni.