Kubadili vitufe vya programu ya watu: ndiyo, lakini kwa mpaka

Haya msomaji, leo tuzungumze Windows kidogo. Pita kwenye maduka ya jumla na ya dawa za mifugo kuanzia Kisii mjini, Keroka hadi Nyamira, na bado utakuta programu za mauzo zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, ile iliyotoka mwaka 1998. Zinafanya kazi hata ndani ya Windows 11. Shida ni kwamba mara nyingi aliyeiandika programu hapatikani tena, msimbo hauonekani, na vitufe ni vya Kiingereza cha wahasibu: Post, Void, Tender. Karani anayehesabu chibesa kwa Ekegusii na kuwahudumia wateja kwa Kiswahili anakariri kitufe kwa mahali kilipo, si kwa maana yake. Siku akibonyeza Void badala ya Post, mauzo yanafutwa na anayekatwa mshahara ni yeye.

Maoni yangu ni haya: tuvibadili hivyo vitufe wenyewe, kutoka nje, bila kuugusa msimbo. Windows inaruhusu. Kila dirisha lina namba yake, na kitufe nacho ni dirisha dogo ndani ya dirisha kubwa. Ukiipata namba, unakitumia ujumbe:

HWND d = FindWindow(NULL, "Sales");
HWND k = FindWindowEx(d, NULL, "ThunderRT6CommandButton", "Post");
SendMessage(k, WM_SETTEXT, 0, (LPARAM)"Hifadhi mauzo");

Mistari mitatu tu! Jina la aina ya kitufe utalipata kwa Spy++. Wengi hukimbilia SetWindowText, lakini hiyo haibadilishi maandishi ya kitufe kilicho kwenye programu nyingine. WM_SETTEXT ndiyo inayovuka, kwa sababu Windows yenyewe inayabeba maandishi kutoka kumbukumbu ya programu yako hadi ya mwenzako.

Usisherehekee mapema, kuna mitego. Lebo za Visual Basic 6 si madirisha, zimechorwa tu, kwa hiyo hazina namba na huwezi kuzifikia kwa njia hii. Waandishi wengine nao huandika "kama kitufe kimeandikwa Edit, fanya hivi, kikiwa Save, fanya vile". Ukibadili neno, umebadili kazi ya programu. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida pia haiwezi kutuma ujumbe kama huu kwa programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Na programu za kisasa za WPF au Electron huchora vitufe vyote ndani ya dirisha moja, kwa hiyo hakuna kitufe cha kutafuta. Dawa hii ni ya programu za zamani.

Sasa twende kwenye jambo linaloninyima usingizi. Ujumbe huohuo unaobadili Post kuwa "Hifadhi mauzo" unaweza kubadili 500 kuwa 5,000 ndani ya kisanduku cha jumla. Hifadhidata haijui lolote, ila mteja na karani wanaona 5,000 kwenye kioo. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji nywila ya hifadhidata. Anahitaji kukaa kwenye ile kompyuta dakika tano tu.

Ndiyo maana nasema tuwe na mpaka. Kwanza, badili jina la kitufe, usiguse tarakimu wala ujumbe wa kuthibitisha malipo. Pili, mwenye duka akubali kwa maandishi, kwa sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inakataza kuingilia mfumo bila idhini. Tatu, mpe mwenye duka msimbo wako, usimwachie faili la exe peke yake. Tukimfungia msimbo na sisi, tutakuwa tumemrudisha palepale alipoachwa na yule wa kwanza.

Kuna watakaosema huku ni kuziba kiraka, heri waandike programu upya. Kweli ni kiraka. Lakini duka haliwezi kufungwa miezi mitatu likingoja programu mpya, na karani anafanya kazi leo.

Tiba kamili iko kwetu waandishi. Weka maneno ya programu kwenye faili la pembeni, yasichanganywe na msimbo, ili mwalimu wa Nyamira aweze kuyatafsiri bila kukuuliza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa OpenOffice.org kwa Kiswahili mwaka 2004, na uliweza kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Ekegusii nacho kina alama yake ya kimataifa, guz, na majina ya siku na miezi yamo tayari kwenye hazina ya CLDR inayotumiwa na mifumo mingi: Jumamosi humo ni Esabato. Msingi umeshachimbwa. Kinachokosekana ni sisi kuacha kuandika "Void" ndani ya msimbo kana kwamba kila karani alisomea uhasibu London.

Jaribuni, lakini kwenye kompyuta yenu kwanza. Kazi njema.