Mikanda ya Sinema Isitupwe

Wananchi wengi humkumbuka Hayati Rashidi Mfaume Kawawa kama kiongozi wa wafanyakazi, na Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Wachache hukumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtumishi huyo wa ustawi wa jamii aliigiza katika Muhogo Mchungu, mojawapo ya sinema za kwanza za Kiswahili kutengenezwa nchini.

Ni kweli kwamba sinema hizo zilitengenezwa chini ya mkoloni, naye alikuwa na shabaha zake. Lakini nyuso ni za ndugu zetu, na lugha ni yetu. Mwanafunzi akionyeshwa kichekesho cha wakati ule husikia jinsi wazee wake walivyotaniana, jambo ambalo hotuba iliyochapishwa haiwezi kumfundisha.

Kwa bahati mbaya hotuba huwekwa kabatini, kichekesho hutupwa. Nao mkanda wa sinema hauna subira. Katika joto na unyevu wa pwani husinyaa, hujikunja na kunuka siki. Ukifikia hapo hapana fundi awezaye kuurudisha.

Maofisa na walimu wakuu ambao maghala yao yangali na makopo ya mikanda, iwe ya enzi hizo au ya Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968, hawana budi kuyakabidhi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kopo lisilo na jina lipelekwe hivyo hivyo, wala lisifunguliwe juani.