Vinanda visiue maqamu za taarab

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu wapenzi wote wa taarab, Visiwani na Bara.

Siku hizi hapa Fumba, kama kwingineko Unguja, kijana mwenye kinanda cha umeme au kompyuta anaweza kutunga wimbo peke yake. Huchagua ufunguo, akapanga kodi tatu au nne (siyo kodi ya mapato, bali sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), akazizungusha mpaka wimbo uishe. Sina ugomvi na hilo. Muziki wa dansi umejengwa juu ya kodi hizo hizo na umetuburudisha miaka mingi. Ugomvi wangu ni kwa wanaodai kuwa taarab asilia imepitwa na wakati kwa sababu haina kodi, na kwa wale wanaozitia kodi kwa nguvu katika kila wimbo.

Taarab imepita njia nyingine. Asili yake hutajwa kuwa ni Misri, ilipoletwa zama za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Klabu ya Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilirithi muziki uliosimama juu ya maqamu, yaani mpango wa sauti wenye ladha yake maalumu.

Tuchukue maqamu ya rasti. Ikianzia do, sauti yake ya tatu haimo katika kinanda cha kawaida. Iko katikati ya mi na kile kitufe cheusi kilicho kushoto kwake. Udi, fidla na koo la mwimbaji huifikia bila taabu. Sasa mpiga kinanda anataka kupiga kodi ya kwanza kabisa, do, mi na sol. Apige mi ipi? Akipiga kitufe cheupe, rasti inageuka mfano wa ajamu. Akipiga cheusi, inageuka mfano wa nahawandi. Vyovyote afanyavyo, rasti imekwisha toweka, na mwimbaji analazimika kuifuata mashine. Bayati na sika nazo hupatwa na balaa hilo hilo.

Wala si kweli kwamba taarab asilia inasimama mahali pamoja. Sikilizeni taksimu ya mpiga ganuni hodari. Huanza katika maqamu moja, akahamia nyingine, akatembea nayo, kisha akarudi nyumbani taratibu. Hiyo ni safari kamili, ila haisafiri kwa kodi.

Suala hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1932 wataalamu wa muziki walikutana Cairo, na mojawapo ya mambo waliyobishania ni kama piano ifae katika muziki wa Kiarabu, kwa sababu hii hii ya sauti zake zisizosogea.

Najua ganuni ni ghali na ina nyuzi zaidi ya 70 za kutengeneza, ilhali kinanda kimoja kinatosha harusi nzima. Kwa hiyo sisemi vinanda vitupwe baharini. Ninapendekeza hivi:

Kwanza, wapiga vinanda wachague. Nahawandi, ajamu na hijazi zinakaa vizuri katika kinanda, na humo watie kodi wapendavyo. Katika rasti, bayati na sika waache kodi na wamfuate mwimbaji.

Pili, viko vinanda vya kisasa vinavyoweza kushusha sauti moja moja ili ipatikane hiyo ya katikati. Wenye navyo wajifunze kuvitumia.

Tatu, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kimeonyesha kuwa vijana wanafundishika maqamu na kodi pamoja. Naiomba Wizara inayohusika na utamaduni itafute njia ya kuwafikisha walimu wa namna hiyo mashamba nako, siyo Mjini tu.

Ganuni iliyovunjika inaweza kuundwa nyingine. Lakini maqamu ikisahauliwa na masikio ya kizazi kizima, hakuna fundi wa kuirudisha. Wazee wanaozijua bado wapo, na vijana wenye vipaji wapo. Tuwakutanishe mapema.

Mpenzi wa Taarab,
Fumba, Unguja.